Ameshika Nini Chako Mkononi? Maswali na majibu kuhusu kura na wakubwa wetu

Tangu niandike juu ya kujiandikisha kupiga kura, barua na jumbe zenu zimegeuka mkondo. Hamniulizi tena kituo kiko wapi. Mnaniuliza kuhusu watu: naibu wa chifu, muuguzi, mwalimu wa mtoto, imamu, nyapara. Ni watu mnaowahitaji kila wiki, na baadhi yao wameshaanza kuwaambia mumpigie nani kura Agosti 10, 2027. Nimechagua barua saba. Majina nimeyaacha kwa usalama wenu.

Mwalimu, shikamoo. Mamangu ana miaka 74 na hupokea zile elfu mbili za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kila mwezi. Juzi naibu wa chifu alipita na mzee wa kijiji, akamwambia orodha inakaguliwa upya na "wasiojua fadhila" wataondolewa. Kisha akamtajia mtu wa kumchagua. Mama halali. Afanyeje? (Mama wa watoto watatu, Ganze)

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama alale. Pesa hiyo si ya naibu wa chifu wala ya mgombea yeyote. Inatoka kwenye kodi, hata ile kodi ambayo mama mwenyewe hukatwa akinunua sabuni dukani. Anaipata kwa sababu ametimiza miaka 70 na hana pensheni. Hakuna mahali alipoulizwa anampenda nani. Orodha iko kwenye idara ya serikali ya ulinzi wa jamii, na malipo hayapitii mfukoni mwa chifu.

Lakini sitakwambia kwamba naibu wa chifu hana mkono wowote hapo. Anao. Yeye ndiye huulizwa nani yu hai, nani amefariki, nani amehama. Neno lake moja tu, "huyu simjui", laweza kumzungusha bibi kizee maofisini kwa miezi. Ndiyo maana kitisho chake kinauma: kimejengwa juu ya kazi halali anayoifanya kweli. Na hapo ndipo ninapopata kipimo nitakachokitumia kwa barua zote za leo. Kabla ya kuuliza mtu amesema nini, uliza ameshika nini chako mkononi wakati anasema. Jirani akikwambia "mchague fulani", hayo ni mazungumzo ya barazani. Utabishana naye na kahawa mtakunywa. Aliyeshika muhuri wako, sindano yako, cheti cha mtoto wako au mshahara wako akisema maneno yale yale, mambo yamebadilika, hata kama sauti yake ni ya upole.

Mpeleke mama kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu, na kitambulisho chake mkononi, mhakikishe jina lipo na maelezo ni sahihi. Andikeni tarehe na jina la aliyewahudumia. Halafu jioni hiyo hiyo keti naye, umwandikie aliyoambiwa kama alivyoyasikia: siku gani, wapi, saa ngapi, nani mwingine alikuwepo. Yaandikeni sasa, yakiwa bado mabichi kichwani. Nakala moja ipelekeni ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneobunge, nyingine kwa naibu kamishna wa kaunti, maana ndiye mkubwa wa machifu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkataza afisa wa umma kuonyesha hadharani kwamba anamuunga mkono au anampinga mgombea. Sheria hiyo hiyo inahesabu kumtisha mpiga kura kuwa kosa la jinai. Mkiogopa kwenda wawili, watafuteni majirani walioambiwa hayo hayo. Si rahisi awe amemwambia mamako peke yake.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama pekee cha siku zile, watu walipiga kura kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi. Unasimama nyuma ya picha ya mgombea wako, mnahesabiwa mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 ndiyo basi, hakuwa na mpinzani tena. Nilikuwa kijana, mwalimu wa mwaka wa pili, nimesimama pembeni ya uwanja wa shule natazama. Mamangu alikuja na kanga yake mpya, akasimama kwenye mstari mfupi. Siku zile mdogo wangu alikuwa akingoja barua ya chifu apate kitambulisho. Chifu alikuwa chini ya mkorosho, daftari mkononi. Hakusema neno. Alikuwa akitazama tu. Nilimwona mama akimtazama, akageuka kuutazama mstari wake, kisha akajitanda kanga vizuri, akavuka uwanja kwenda mstari mrefu. Jioni hatukulizungumza. Hakulizungumza hadi anafariki.

Mamako ana kitu ambacho mamangu hakuwa nacho siku ile: kibanda cha kupigia kura. Akishaingia humo, chifu hamwoni.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma. Dawa hazifiki, glavu wakati mwingine tunanunua wenyewe, na najua ni maamuzi gani yaliyotufikisha hapa. Wagonjwa wananiuliza, "Sista, tumpe nani?" Ninyamaze nami naona watu wanaumia? (Sista, Malindi)

Sista, barua yako imenikalisha kuliko zote, kwa sababu unauliza kwa uchungu wa kweli na swali lako halina jibu la haraka.

Tuanze na usilopaswa kulinyamazia. Mgonjwa akiandikiwa dawa ya presha na dawa haipo, mwambie haipo. Mwambie ni tangu lini, na wapi pa kupeleka malalamiko. Huduma za afya ziko chini ya kaunti tangu 2013, na mwananchi ana haki ya kujua bajeti inapitishwa wapi na nani. Hiyo ni taarifa, na ni haki yake. Ukiongeza "kwa hivyo mwondoeni fulani, mleteni fulani", umeshaanza kampeni.

Najua utasema kati ya sentensi hizo mbili pana unyoya tu. Basi rudi wodini. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto ana homa, wewe unatafuta mshipa kwenye kiganja kidogo namna hiyo. Plasta umeibandika kwenye kidole, tayari. Ukimwambia wakati huo mtu wa kumchagua, atakujibu "ndiyo, sista". Angekujibu hivyo kwa lolote, kwa sababu anachotaka ni mkono wako usitetemeke. Ile "ndiyo" hujaipata kwa hoja. Umeipata kwa sababu umeshika mkono wa mwanawe.

Na kuna hasara ya pili, ambayo huwezi kuiona siku hiyo. Yule mama wa kitanda cha jirani, ambaye watu wake ni wa upande wa pili, amekusikia. Mwezi ujao ana damu isiyo ya kawaida, na anajiuliza kama akufuate wewe au angoje zamu ya mwingine. Akingoja, je?

Uchungu wako usiutupe, upeleke mahali pake. Mnacho chama cha wauguzi. Kunavyo vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambavyo vinatakiwa na sheria na ambavyo mara nyingi viti vyake ni vitupu. Nenda na hesabu: siku ngapi bila dawa, jozi ngapi za glavu, wajawazito wangapi walioambiwa waje na pamba yao. Madaktari walipogoma siku 56 mwaka 2024, wakidai mkataba wao uheshimiwe na madaktari wanagenzi walipwe, waliyasema barabarani mbele ya nchi nzima. Serikali na waajiri wao ndio walioambiwa. Hapakuwa na mgonjwa kati yao.

Kumbuka pia wewe ni afisa wa umma, na sheria haikuruhusu kutangaza hadharani unamuunga mkono nani. Fulana ya mgombea na picha yake kwenye simu yako, ambayo wagonjwa wanayo namba yake, navyo vinahesabika. Kura yako mwenyewe ni yako yote, hakuna anayekupunguzia.

Wakikuuliza tena "tumpe nani", waambie: "Hilo ni lenu. Wagombea wakija, waulizeni dawa za hospitali hii wataziwekea shilingi ngapi." Hapo umewasaidia, na hujamtaja mtu.

Nyapara wetu kwenye shamba la mkonge ametuma ujumbe kwa kundi: kila mfanyakazi akishatia alama apige picha karatasi ya kura amtumie, la sivyo kibarua kimeisha. (Kibarua, Kilifi)

Siku ya kura simu iache nyumbani. Asiye na simu hana picha ya kutuma. Ukikutwa ukipiga picha kibandani utakayeulizwa ni wewe, kwa sababu kura ni ya siri kwa mujibu wa Katiba, na nyapara atakuwa mbali anakunywa chai.

Ujumbe wake usiufute. Upige picha, mpe mtu unayemwamini akuhifadhie. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wazi kwamba msimamo wa kisiasa si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Ukifukuzwa, nenda kwa afisa wa leba ukiwa na ujumbe huo.

Wenzako wanaogopa kwamba "watajua tu". Wacha nieleze kinachojulikana na kisichojulikana. Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo. Ya urais ni ile 34A mliyoisikia sana. Kwa hivyo nyapara anaweza kusoma kwamba kituo chenu chenye watu mia tatu au mia sita kilimpa fulani kura kadhaa. Jumla ataijua. Wewe umo ndani ya jumla hiyo na hawezi kukuchomoa, maana karatasi haina jina lako.

Wala hili halikuanzia kwetu. Uingereza walikuwa wakipiga kura kwa kutamka mbele ya watu hadi 1872. Baada ya uchaguzi wa 1868, huko Wales, wakulima waliokodi mashamba walifukuzwa na wenye ardhi kwa sababu ya kura walizotamka. Miaka minne baadaye ikapitishwa sheria ya kura ya siri. Siri ile ilitungwa kwa ajili ya mtu anayelima shamba la mwingine, yaani mtu kama wewe.

Mwanangu wa gredi ya tano alirudi na kazi ya nyumbani: "Waulize wazazi watampigia nani kura na kwa nini." Je, nimekuza jambo? (Baba, Likoni)

Hujakuza, lakini usimwendee mwalimu kwa hasira. Nimefundisha miaka mingi, najua kazi ya namna hii hutungwa saa nne usiku na mtu aliyechoka, akidhani ametunga jambo zuri la somo la jamii. Tatizo ni kwamba keshoyake atakuwa na madaftari hamsini mezani, na ndani yake siri za nyumba hamsini, zimeandikwa na watoto wasiojua kuficha. Daftari hizo zikianguka mkononi mwa mtu mwingine ni orodha kamili ya mtaa.

Mfuate faraghani. Mwombe swali libadilishwe: wazazi walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka gani, walisimama foleni muda gani, karani aliwauliza nini. Watoto watajifunza zaidi. Wengi watakubali mara moja. Akikataa, au ukisikia anawaambia watoto "mwambieni baba amchague fulani", nenda kwa mwalimu mkuu, kisha TSC, tume inayowaajiri walimu. Mtoto asitumwe kura kama anavyotumwa chumvi.

Baada ya Isha imamu alitubakisha vijana, akatushikisha msahafu tuape kwamba tutampigia kura mtu mmoja. Wote waliapa, nami nikaapa. Sasa naona mtu yule hafai. Nimefungwa? (Kijana, Mombasa)

Mwanangu, mimi ni mwalimu wa shule, si mwanachuoni. Upande wa dini mtafute sheikh unayemwamini, asiye na uhusiano na msikiti huo, umweleze hasa ilivyokuwa: mlango ulikuwa wazi au umefungwa, ungeweza kuondoka au la. Ninalolijua ni lile tulilofundishwa chuoni, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kiapo cha aliyelazimishwa hakimfungi. Kama ulilazimishwa au uliona haya tu mbele ya wenzako, hilo ndilo utakalomweleza sheikh.

Upande wa sheria ya nchi ni mwepesi. Katiba, ibara ya 81, inataka uchaguzi usio na vitisho wala ushawishi usiofaa. Kiapo hakikuzuii chochote kibandani.

Na upande wa ubinadamu, nina la kumwambia imamu yule kama anasoma. Watu husujudu nyuma yako, nyuso zao chini. Hawakuoni, na hawana wasiwasi. Usiichukue imani hiyo ukaiuza kwa mgombea.

Wakristo nao wana mtihani huu, na baadhi ya wakuu wao wameukabili hadharani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alizuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa mchango wa mamilioni uliotolewa na Rais katika parokia moja ya Nairobi, likasema urudishwe. Kurudisha pesa ambayo kwaya na waumini wameshaipigia makofi si jambo jepesi. Ningependa kuyaona hayo misikitini kwetu pia.

Mimi ni mganga wa zahanati ya serikali. Ndugu yangu anagombea uwakilishi wa wadi. Naweza kumsaidia kampeni wikendi? Na mimi nikitaka kugombea? (Afisa wa kliniki, Kwale)

La kwanza, hapana. Kampeni ya hadharani ya Jumamosi bado inafanywa na afisa wa umma, na wale wa mkutanoni ndio watakaokuja kwako Jumatatu na watoto wao. La pili, ndiyo, lakini ujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Yaani kufikia Februari 2027 uwe umeshatoka.

Macho yangu yameisha, Mwalimu. Mara iliyopita nilisaidiwa na muuguzi wa zahanati, mtu mwema. Safari hii mjukuu wangu anataka kunipeleka, naye muuguzi ameshanitumia salamu kwamba atanipitia. Nani anafaa? (Mzee wa miaka 81, Magarini)

Shikamoo, mzee wangu. Mchukue mjukuu. Nikueleze kwa nini, ingawa simdhanii vibaya muuguzi wako.

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa kituo. Asubuhi aliingia muuguzi akimshika mkono bibi mmoja kipofu. Akaapa kutunza siri, akajaza fomu, wakapiga kura, kidole cha bibi kikachovywa wino, wakatoka. Baada ya nusu saa nikamwona tena mlangoni, na bibi mwingine. Nikamwambia kanuni za uchaguzi zinaruhusu mtu kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Akacheka kwa upole: "Mwalimu, hawa ni wagonjwa wangu, wamenizoea." Bibi mwenyewe akadakia: "Namtaka huyu. Huyu ndiye anayenipa dawa za presha."

Neno lile lilinikaa. Hakusema "huyu namwamini". Alisema huyu ndiye anayenipa dawa. Nikamkatalia muuguzi. Kwa kuwa bibi hakuwa na mtu mwingine, ilibidi nimsaidie mimi, na kanuni zinataka nifanye hivyo mbele ya mawakala wa wagombea. Nilimwinamia, akaninong'oneza. Mawakala walisogea masikio. Karatasi zilikuwa sita, kwa hivyo alinong'ona mara sita, na mara ya tatu mmoja wao aliguna. Siku ile nilifuata sheria sawasawa na bado naamini bibi yule alitoka bila siri yake. Ndiyo maana nakusihi uje na mtu wako.

Mjukuu hana dawa zako mkononi. Kama humwamini siasa zake, chagua mwingine wa nyumbani, au jirani wa zamani asiyekudai na usiyemdai, almradi awe ametimiza miaka 18. Mwambie nyumbani, kabla hamjatoka, majina yote sita, ayarudie uyasikie. Muuguzi mrudishie salamu kwa heshima, mwambie umeshapata wa kukushika mkono. Na mjukuu abebe kitambulisho chake pia siku hiyo, maana ile fomu ya msaidizi atajaza yeye.